Mnaotaka Mwanza iwe Singapore, pitieni dukani kwangu kwanza

Kijiwe cha kahawa kilicho mbele ya duka langu hapa Kirumba kina mada tatu tu: Simba na Yanga, bei ya sangara, na Singapore. Mbili za kwanza sina shida nazo. Hii ya tatu ndiyo inanitoa kwenye kiti. Mtu akikwama kwenye foleni ya Buzuruga, au akikuta mfereji umeziba taka, utamsikia: "Wenzetu Singapore..." Halafu yatafuata maghorofa, marufuku ya bigijii, na Lee Kuan Yew, waziri mkuu wao wa kwanza, aliyewanyoosha watu. Singapore yao inaishia hapo. Hakuna hata mmoja anayeuliza wale watu wanakula nini, na hela ya hayo maghorofa ilitoka mfuko gani.

Mimi sijafika Singapore, na kwa nauli za sasa sina mpango huo. Ila mzigo wangu umefika, tena mara nyingi kuliko waheshimiwa wa kijiweni watakavyofika maishani mwao. Nauza vipuri vya mashine za mitumbwi, zile Yamaha na ndugu zake wa Kichina: impela, plagi, propela, pini, sili za giaboksi, kamba za kuwashia. Mzigo unanunuliwa China, tunachangia kontena wafanyabiashara kadhaa wa Mwanza na Musoma, na kontena lenyewe mara nyingi halipati meli ya kuja Dar es Salaam moja kwa moja. Ukiisoma karatasi ya meli, ile BL, utakuta jina la bandari ambako litashushwa na kupandishwa meli nyingine. Kwangu jina hilo huwa Singapore, mara mojamoja Colombo au Port Klang.

Hebu litazameni jambo hilo vizuri. Impela haikutengenezwa Singapore. Hakuna Msingapore atakayeinunua. Inashushwa pale, inalala kidogo, inapandishwa chombo kingine, na wenyewe wameshalipwa. Mwaka 2024 bandari yao ilihudumia makontena milioni 41 na ushee, kwa kipimo cha kontena la futi 20, na sehemu kubwa kabisa hayakuwa yao: yalikuwa safarini kama la kwangu. Ni bandari ya pili duniani kwa makontena, baada ya Shanghai. Shanghai ina China nzima mgongoni. Singapore mgongoni ina mlango mwembamba wa bahari, ukishauvuka uko Malaysia, nchi ya watu.

Mwaka huohuo wa 2024 ndio niliowafahamu kwa njia mbaya. Tangu mwishoni mwa 2023 meli zilikuwa zinashambuliwa Bahari ya Shamu, na kampuni kubwa zikaanza kuzungukia Afrika Kusini badala ya kupita Suez. Ratiba za dunia nzima zikavurugika. Meli zilizotakiwa kuingia Singapore kwa kupishana zikawa zinafika kwa mkupuo, kila moja inataka kushusha mzigo mwingi kwa pamoja ili ifidie muda uliopotea. Ilipofika Mei na Juni, meli zilikuwa zinangoja nje siku kadhaa ndipo zipate gati. Bandari ikafungua tena magati ya zamani ya Keppel yaliyokuwa yamewekwa pembeni. Haya yote nilikuwa nayafuatilia kwenye simu, nimekalia ndoo ya rangi, maana ndani ya kontena mojawapo kulikuwa na impela zangu.

Kwa msiojua, impela ni kidude cha mpira, kinaenea kiganjani, kina mapezi kama sita hivi. Kazi yake ni kuvuta maji ya ziwa yapoze mashine. Ikila mchanga, au kijana akiiwasha mashine nchi kavu kwa mbwembwe, mapezi yanakatika. Dalili yake ni ule mchirizi wa maji unaoruka kwa nyuma kukata. Wavuvi wanasema mashine haikojoi. Ukilazimisha kukimbia nayo hivyo, itachemka, na utakuwa umeua kitu cha mamilioni kwa ajili ya kipande cha mpira.

Sasa dagaa nao wana kalenda yao. Wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta vizuri kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi ya dagaa inapumzika, watu wanashona nyavu, wanakwenda kwenye harusi, wanakopa. Giza likiingia ndipo pesa inaingia na madeni yanalipwa. Mteja wangu mmoja, mzee wa Ukara, akanipigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Giza ni Jumatatu. Impela zimefika?"

Nikamwambia zimekwama Singapore. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Huko Singapore ni mbele ya Tanga au nyuma ya Tanga?" Nikacheka, yeye hakucheka. Ana mashine mbili, moja ililala giza lile zima, na vijana waliokuwa wakiifanyia kazi wakahamia kwa tajiri mwingine. Kuwarudisha ilibidi awape posho mkononi. Hesabu ya bandari ya Asia ilimfikia mtu ambaye hajui iko wapi, na ikamfikia kwa shilingi.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari zao jioni nikishafunga duka. Nianze na ukubwa, maana hapa ndipo kijiwe kinapotea. Chukueni Ukerewe. Kisiwa chenyewe, ukiacha Ukara na visiwa vidogo, kina kilomita za mraba kama 530. Singapore ilipojitegemea mwaka 1965 ilikuwa na kama 580. Leo ina zaidi ya 730, kwa sababu kwa miaka 60 wamekuwa wakimwaga mchanga baharini, na mchanga wenyewe mwingi waliununua kwa majirani. Kwa hiyo ipanue Ukerewe kidogo pembezoni, ijaze watu milioni 6. Ng'oa mihogo, ng'oa michungwa, kisha libadili ziwa liwe maji ya chumvi. Halafu waambie waishi, na watajirike.

Na hawakuomba kukaa peke yao. Tarehe 9 Agosti 1965 walitengwa na shirikisho la Malaysia, na Lee Kuan Yew alilia mbele ya kamera za televisheni. Wana kijiwe hawaipendi sehemu hii, kiongozi mkali halii. Lakini sababu alikuwa nayo. Mpango wao wote wa viwanda ulisimama juu ya soko la Malaysia: tutengeneze hapa, tuwauzie ndugu zetu wa ng'ambo ya mlango. Ghafla ndugu amefunga mlango. Miaka michache baadaye, 1968, Waingereza nao wakatangaza kwamba wanaondoa kambi zao za kijeshi, na kambi hizo zilikuwa zinachangia karibu moja ya tano ya pato la nchi nzima.

Walichofanya ni kuwaruka majirani na kwenda kuwauzia walio mbali. Kulikuwa na Mholanzi mmoja, Albert Winsemius, mchumi, aliyekuja na ujumbe wa Umoja wa Mataifa mwaka 1960 na akabaki mshauri wao mpaka 1984. Kulikuwa na waziri wa fedha, Goh Keng Swee, aliyegeuza vinamasi vya Jurong kuwa eneo la viwanda kuanzia 1961, na watu wakamcheka kwamba anatupa pesa tope­ni. Viwanda vya Wamarekani, Wajapani na Wazungu vikaja. Wakaanza na vitu vidogo vya kuunganisha kwa mikono. Leo karibu chipu moja kati ya kumi za kielektroniki zinazotengenezwa duniani inatoka kwenye kile kisiwa. Mafuta ghafi hawana hata tone, lakini wanasafisha mafuta, na hakuna bandari duniani inayouza mafuta mengi zaidi ya kuendeshea meli kuliko yao. Gati la makontena walianza kulijenga wakati kampuni nyingi za meli zilikuwa bado zinasitasita kuhusu makontena yenyewe. Meli ya kwanza ya makontena ilitia nanga Tanjong Pagar Juni 1972.

Hapo ndipo namba yao inayowachanganya watu inapoingia. Biashara ya nje ya Singapore, ukijumlisha kinachoingia na kinachotoka, ni zaidi ya mara tatu ya pato la taifa. Kaka mmoja wa kijiweni, msomi wetu, aliniambia haiwezekani, mtu hauzi mara tatu ya alichonacho. Nikamwambia kaka inuka, twende Mwaloni, soko letu la samaki hapa Kirumba, si mbali.

Simama Mwaloni asubuhi, jua halijapanda. Boti zimetoka visiwani usiku. Makuli wanashuka kwenye ubao mmoja mwembamba, kiroba mgongoni, anayepanda anampisha anayeshuka bila mtu kusema neno. Dagaa wa Ukerewe, dagaa wa Kome, dagaa wa Goziba, kila mmoja na rangi yake kulingana na alivyoanikwa: wa mchangani mweusi na mchanga mchanga, wa kwenye chanja anang'aa. Pembeni kuna kayabo, sangara wa chumvi, limekauka kama ubao na linangoja safari ya Kongo. Mnunuzi wa Kikongo amekaa kwenye stuli. Anatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya kiroba, maana wa juu ni wa maonyesho, anatoa dagaa wa katikati, anamvunja. Akivunjika kwa mlio, sawa. Akipinda, ana unyevu, na bei inaanza kushuka hata kabla dalali hajafungua mdomo. Dalali naye ana daftari na peni sikioni, anajifanya hajaona.

Kufika saa tano kiroba kilichoingia kwa boti kiko juu ya lori. Hakikuwa mali ya Mwaloni hata dakika moja. Ukihesabu thamani yake kilipoingia, ukahesabu tena kilipotoka, umeshapata mara mbili na zaidi. Kilichobaki pale ni kamisheni ya dalali, ujira wa kuli, ushuru, kodi ya stoo, mshona viroba na mama ntilie. Hicho kilichobaki ndicho pato. Mzunguko umezidi pato mara kadhaa na hakuna aliyefanya mazingaombwe. Zaidi ya nusu ya bidhaa zinazohesabiwa kuwa mauzo ya nje ya Singapore ziko hivyo: zimeingia, zinatoka. Msomi wetu alinunua dagaa wa elfu tano akaondoka kimya.

Kwa hiyo, Singapore hiyo mnayoitafuta ipo tayari, inanuka dagaa tu.

Mkongo yule angeweza kununua kwingine. Ziwa lina nchi tatu na mialo mingi. Anakuja Kirumba kwa sababu anajua atakuta mzigo, atakuta dalali anayemfahamu, atakuta lori, na makisio aliyoyafanya akiwa kwao hayatapinduka akifika hapa. Uhakika huo ndio bidhaa. Singapore wanauza huohuo, ila wao wameufanyia kazi mpaka unachosha kuusikiliza. Zamani mfanyabiashara wao alikuwa anajaza fomu nyingi za ofisi nyingi, siku zinakwenda. Januari 1989 wakawasha mfumo mmoja wa kielektroniki, TradeNet: unajaza mara moja, kibali kinarudi kwa dakika. 1989! Mwanza wakati huo kupiga simu Dar ulikuwa unapanga foleni posta. Siku hizi na sisi karatasi za forodha zinapita mtandaoni, sikatai, na hatua ni kubwa. Lakini mimi bado siwezi kumwambia mteja siku mzigo utakayofika na kiasi nitakachokuwa nimelipa jumla. Namwambia "wiki hizi hizi." Anajua maana yake.

Hata fedha yao wanaiendesha kwa jicho la muagizaji. Benki kuu nyingi zinapandisha na kushusha riba. Wao tangu 1981 wanasimamia thamani ya dola yao dhidi ya fedha za nchi wanazofanya nazo biashara, kwa hoja nyepesi: karibu kila kitu kinaagizwa, basi bei ya mchele inaamuliwa na thamani ya fedha. Zaidi ya asilimia 90 ya chakula chao kinatoka nje. Sisi tulioagiza mizigo mwaka 2023 dola zilipoadimika, na mwaka uliofuata ilipopita shilingi 2,600, hoja hiyo hatuhitaji kufafanuliwa. Niliwahi kubandika bei mpya ukutani nikaibandua kabla gundi haijakauka.

Lakini msidhani wamekaa wanakula raha. Kitu ninachokipenda kwenye habari yao kuliko vyote ni woga. Mwaka 2000 Maersk, kampuni ya meli ya Denmark, aliyekuwa mteja wao mkubwa kuliko wote bandarini, alifunga virago akahamia Tanjung Pelepas, bandari mpya ya Malaysia, ng'ambo tu ya maji. Huko bei ilikuwa ndogo na walimpa hisa. Mwaka 2002 Evergreen, kampuni ya meli ya Taiwan, wakamfuata. Kontena halina uzalendo. Singapore walipunguza wafanyakazi bandarini, wakashusha tozo, na baadaye wakakubali kufanya kile walichokuwa wanakikataa: kampuni za meli ziingie ubia kwenye magati. Na sasa wanahamisha bandari nzima kwenda Tuas, upande wa magharibi, magari ya kubeba makontena yanajiendesha bila dereva, na ikikamilika miaka ya 2040 itabeba hadi makontena milioni 65 kwa mwaka. Wanaijenga wakati ile ya zamani bado inaongoza. Sisi soko likijaa tunasubiri liungue ndipo tujadili.

Mwaka 2023, mjadala wa kuwapa DP World, kampuni ya Dubai, kazi ya kuendesha bandari ya Dar ulipopamba moto, kijiwe kiligawanyika pande mbili na kila upande ukaiita Singapore shahidi wake. Hawa wakasema Singapore imefika pale kwa kuachia sekta binafsi. Wale wakasema Singapore inaendesha bandari yake yenyewe. Ukweli unaudhi pande zote. Bandari inaendeshwa na PSA, kampuni ambayo mmiliki wake ni Temasek, mfuko wa uwekezaji wa serikali ulioanzishwa 1974, na PSA hiyohiyo inakwenda kuendesha magati ya watu wengine, mpaka Antwerp, Ubelgiji. Serikali ndiyo inamiliki sehemu kubwa ya ardhi. Karibu watu 8 kati ya 10 wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na shirika la serikali, na wengi wamezinunua kwa mkataba wa miaka 99. Mfanyakazi wa kawaida anakatwa asilimia 20 ya mshahara kwenda kwenye akiba yake, mwajiri anaongeza 17. Wakati huohuo forodha karibu haitozi ushuru, kampuni inalipa kodi ya asilimia 17, na mgeni anafungua biashara haraka. Anayetaka kuchukua nusu ya hiyo na kuacha nusu aseme wazi anachukua nusu ipi.

Na foleni? Kule hawajazimaliza kwa kuwa na adabu. Ukitaka gari, kwanza unanunua kwenye mnada karatasi ya ruhusa ya kuwa na gari kwa miaka 10. Karatasi tu. Miaka ya karibuni imefika na kupita dola laki moja za kwao, karibu shilingi milioni 200, gari lenyewe bado. Niliwasomea hii pale kijiweni. Bodaboda wakashangilia. Mwenye Noah akasema siasa zangu hazimfai.

Upande mwingine wa maisha hayo ni kwamba mlango wowote ukifungwa duniani, wao wanausikia kwanza. Mwaka 1985 uchumi wao ulishuka kwa mara ya kwanza tangu wajitegemee. Mwaka 2020, mwaka wa korona, ulisinyaa kama asilimia 4. Aprili 2025 Marekani ikawawekea ushuru wa asilimia 10, hali wana mkataba wa biashara huria nayo tangu 2004 na wananunua kwake kuliko wanavyomuuzia. Maji mengi wanayatoa Johor, Malaysia, kwa mkataba wa 1962 utakaokwisha 2061, na kwa kuogopa tarehe hiyo wanasafisha maji taka mpaka yanyweke, tangu 2003. Mimi nakaa Kirumba, ziwa naliona nikiwa jikoni, na bomba langu linatoa maji kwa zamu, kwa hiyo hapo sina la kuwacheka. Karibu watu 3 kati ya 10 walioko kisiwani ni wageni wa vibali, wakiwemo wale wanaojenga na wanaofagia. Na wenyewe hawazai: chini ya mtoto mmoja kwa kila mwanamke. Nilimweleza bibi yangu wa Kwimba hilo la watoto, akauliza sasa hayo maghorofa watamwachia nani.

Sisi tunajiona tuko mbali na hayo, na hatuko. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa hili, viwanda vya minofu Mwanza vilisimama na mtaa mzima wa nyumbani kwetu ulikaa bila mshahara. Baba yangu alikuwa kwenye mashine ya kugandisha. Mwaka 2020 ndege za mizigo ziliposimama, bei ya sangara mwaloni ilianguka ndani ya siku chache. Bondo la sangara, ule mfuko wa hewa wa tumboni mwake, linakwenda kuuzwa Hong Kong na China kwa bei ambayo minofu haioni ndani, na mchina akiamua mwaka huu hali bondo, mvuvi wa Kome atajua kabla ya mwandishi wa habari. Tunategemea biashara ya nje kama wao, tofauti ni kwamba wao wanalijua hilo kila asubuhi.

Tofauti nyingine kijiwe hakitaki kuisikia: Mwanza si nchi. Haina benki kuu, haipangi ushuru, haijadili mikataba. Hata tukipata meya malaika, kontena langu bado litashuka Dar na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 mpaka hapa. Kwa upande wa pili tuna kitu ambacho Lee Kuan Yew angekililia zaidi: nchi nyuma yetu. Ng'ombe, pamba, mchele, dhahabu ya Geita, Uganda ng'ambo ya maji, watu wa kula. Hatuhitaji kuwaruka majirani. Wao ndio wateja.

Ndiyo maana nikiulizwa nataka nini, sitaji ghorofa. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 za zege, mteja wangu wa Sengerema aliacha kununua vipuri vya akiba. Zamani alikuwa anahesabu foleni ya kivuko, kwa hiyo alinunua vitatu akihitaji kimoja. Sasa ananunua kimoja, kesho akiharibikiwa anapanda gari. Mauzo yangu kwake yalishuka mwezi wa kwanza, nikanung'unika. Kisha akaanza kuniletea wenzake, kwa sababu pesa iliyokuwa imelala kwenye vipuri vya akiba sasa wanazungusha. Reli ya kisasa ya Isaka mpaka hapa, kilomita 341, inajengwa. Ikianza kubeba mizigo kwa ratiba inayoshikika, nitafanya kama yeye.

Kwa sasa sifanyi. Baada ya mkasa wa 2024 naweka stoo impela za kutosha magiza mawili mbele, za kila saizi inayotembea kuanzia mashine za farasi 9.9 mpaka 40. Karibu theluthi ya mtaji wangu iko kwenye maboksi chumba cha nyuma, inakula riba ya mkopo. Riba hiyo naiweka kwenye bei. Msishangae mkikuta impela kwangu imezidi ya jirani kwa elfu mbili. Ya jirani ni rahisi, ila muulizeni kwanza kama anayo.